Mtini wa Debe la Samli

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Naliandika hili mwanzo kabisa ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nilivuka Ruvuma sijaota ndevu, mkononi nina kibuyu cha maji na kipande cha muhogo wa kuchoma, nikaenda kukata mkonge Lindi. Nimelala na nyoka kwenye mkeka mmoja, asubuhi tukaachana kwa amani. Nimemwona msimamizi mkali wa shamba, mtu wa kupiga watu mateke, akilia kama mtoto kwa ajili ya jino. Shule nilisoma madarasa mawili na nusu, na ile nusu ni kwa sababu mwalimu aliugua. Lakini nilipotimiza miaka thelathini na mitatu nilikuwa na karakana ya useremala Mtwara mjini, mafundi watatu chini yangu, na nyumba ya bati Chikongola. Vitanda vyangu vya mninga vililaliwa na nusu ya maofisa wa mji ule. Sikupewa na mtu. Nilivipata kwa mikono hii.

Basi utaniamini nikisema kwamba kitu kilichonikondesha kuliko vyote, kikaninyima raha miezi minne na nusura kiivunje nyumba yangu, kilikuwa mti wa mapambo uliopandwa kwenye debe la samli.

Karakana yangu ilikuwa ndani ya banda nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa, misumari na taa za chemli. Alizaliwa Mikindani, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Kodi ya banda ilikuwa ndogo, na tuliheshimiana. Lakini macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na siku moja aliniita ndani akaniambia anapanda meli kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Atakaa miezi minne. Duka litafungwa.

"Fundi," akasema, "wewe unaijua miti?"

"Mzee! Unaniuliza mimi habari ya miti?"

"Unaijua ikishakufa. Nakuuliza ikiwa hai."

Akanionyesha mti uliosimama karibu na dirisha la chumba chake. Ulikuwa na urefu wa kunifika kifuani, vishina viwili vimesukwa pamoja kama nywele za mwanamke, na majani madogo yenye kung'aa, yaliyoinamisha ncha zake chini. Ni mtini, akasema, lakini si wa kuliwa, ni wa kutazamwa. Mkewe alikuja nao kutoka Bombay akiwa bibi harusi, kijiti tu ndani ya kitambaa kibichi. Yeye ndiye aliyevisuka vile vishina kwa vidole vyake. Mke alikuwa amekufa mwaka wa tatu huo.

"Maji kikombe kimoja Jumatatu, kikombe kimoja Ijumaa. Uweke karibu na dirisha. Usiusogeze ovyo, ukisogezwa unanuna na kupukutisha majani. Na debe hili lina matundu chini, nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari. Ni hayo tu."

"Hayo tu, mzee? Hilo hata mtoto anaweza."

Macho yake meupe yalinielekea bila kuniona vizuri.

"Mwenye mashine ya kukoboa alikuja tena jana," akasema. "Analitaka banda lako, na kodi anayoitaja ni mara mbili ya yako. Nimemwambia nitamjibu nikirudi. Sikiliza, fundi. Nikirudi nikaukuta mti huu mzima, banda ni lako mpaka siku nitakayozikwa. Nikiukuta umekufa, utafute pengine. Sitakugombeza. Nitajua tu kwamba wewe si mtu wa kuachiwa kitu."

Nilicheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka. Nikaupakia ule mti kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe mpaka Chikongola, watu wakinitazama.

Nyumbani tulikuwa watu watatu. Mke wangu, binti wa Msimbati, mtu wa maneno makali na mikono myepesi, kila asubuhi alikaanga vitumbua arobaini na kuviuza mlangoni kwa watu waendao kazini. Mama yangu mzazi, Mmakua wa ng'ambo, alikuwa amevuka mto miaka miwili kabla kwa sababu ya vita, na mdogo wangu akabaki huko huko, hatukujua kama yu hai. Kila baada ya majuma machache mama alipanda lori kwenda Kilambo, akakaa pale kivukoni siku kadhaa akimwuliza kila anayevuka kama amemwona mwanawe. Na mtu wa tatu mimi.

"Mgeni huyu anakula nini?" mke wangu aliuliza alipoliona debe.

"Kikombe cha maji mara mbili kwa juma."

"Loo! Angekuwa mume ningemchukua."

Mama alikaa mkekani akautazama ule mti muda mrefu.

Siku ya pili majani kumi na moja yalikuwa sakafuni. Siku ya tatu kumi na saba. Nilichukua penseli yangu ya kazi, ile inayokaa sikioni, nikaanza kupiga mistari kwenye fremu ya mlango: kila jani lililodondoka, mstari mmoja. Mzee alinionya kwamba mti utanuna, najua. Lakini kuambiwa ni jambo moja, na kuamka alfajiri kusikia jani likigusa saruji ni jambo jingine. Jani lile halina uzito wowote, ila mimi nililisikia. Nikiwa karakanani nikipiga randa, nililitazama lile banda, paa lake, nguzo zake, benchi nililolijenga mwenyewe, nikahesabu moyoni: leo ngapi? Mistari ilifika sitini na nne. Halafu mti ukatulia. Ukatoa hata vichipukizi vya kijani kibichi.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Mti ulipopona, niliuonea fahari. Nilisema: kitu kizuri kama hiki, chenye amana ya namna hii, hakiwezi kukaa sebuleni kwa fundi mkubwa kikiwa ndani ya debe lenye kutu lililoandikwa jina la samli. Nikauchongea sanduku la mninga. Si sanduku la mchezo. Pembe zote nimeziunga kwa meno ya mbao, si msumari hata mmoja, chini nimeziba kwa gundi na nta, nikapaka vanishi mara tatu. Nililijaribu kwa maji kabla ya kuliingiza debe ndani: halikuvuja hata tone. Nikalitembeza debe na sanduku lake mpaka karibu na mlango wa mbele, ili wageni wauone mti wakiingia. Mke wangu alipong'aka kwamba tumeambiwa tusiusogeze, nikaurudisha dirishani. Wageni walikuja. Karani mmoja wa bandari alilipapasa lile sanduku akaniuliza kama naweza kumchongea la nguo. Nikamwambia huu si mti tena, bwana, hii ni fanicha.

Mama alikuwa amekaa pale pale mkekani. Nilipomgeuzia mgongo mgeni nilimwona amechuma jani moja na kulivunja katikati. Utomvu mweupe ukatoka, mweupe kabisa kama maziwa. Aliutazama kwenye kidole chake, kisha akalifunga lile jani kwenye pindo la kanga.

"Mama, usichume. Nayahesabu hayo."

"Moja tu, baba," akasema.

Baada ya majuma matatu hivi nyumba ikaanza kunuka. Si harufu ya uvundo, ni harufu ya kitu kilichochachuka, kama togwa iliyosahaulika jikoni. Mke wangu alifua mapazia. Alitafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati. Sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani mpaka ndani ya sanduku na kurudi, mchana kutwa, kama wamepewa kazi. Na majani yakaanza kugeuka manjano, si ya chini tu, hata ya juu. Nikarudi kwenye fremu ya mlango na penseli. Ishirini kwa siku. Ishirini na sita. Nilijaribu kumwagilia zaidi, ukawa mbaya zaidi. Nilijaribu kunyima maji, ikawa hivyo hivyo. Mwenye mashine ya kukoboa akaja karakanani akasimama mlangoni, akaanza kupima banda kwa hatua. Nilimwona kwa macho yangu: moja, mbili, tatu, mpaka ukutani, huku akinitabasamia.

"Napima tu, fundi," akasema. "Usijali."

Ilibaki miezi isiyotimia miwili.

Asubuhi moja, mama ameondoka na lori la alfajiri kwenda Kilambo, niliinama kuokota majani nikaona unga. Unga mweupe, umemwagwa kwa mpango kuzunguka shina, mbichi, umeachwa juu ya udongo kama uliopakwa na mtu. Sikuugusa. Mimi niliyelala na nyoka.

Sasa wewe unayesoma, kama hukuishi kule, huenda utasema unga ni unga. Kwetu mtu akikuta unga uliowekwa alfajiri mahali ambapo riziki yake inapategemea, haulizi mara mbili. Anajua ametupiwa uchawi. Na mlango wangu usiku hufungwa kwa komeo nililolitengeneza mwenyewe. Hakuna wa nje aliyeingia. Ndani tulikuwa watatu. Mama? Mama hawezi kumroga mwanawe. Amebaki nani?

Mke wangu alikuwa uani anakaanga, mikono yake myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko.

"Njoo," nikamwambia.

"Vitaungua."

"Viache viungue. Njoo!"

Akaja, akasimama mbele ya sanduku. Nikamwonyesha.

"Hiki nini?"

Akainama, akachukua kidogo kwa kidole, akausugua, akauonja.

"Mtama," akasema.

"Unga wa nani?"

"Mimi sikaangi mtama, fundi. Vitumbua ni mchele. Unavila kila siku hujui?"

"Nani anashinda na unga katika nyumba hii? Nani alisema mti huu ungekuwa mume angeuchukua? Nani anaonea wivu..."

"Wivu? Mti?" Alicheka mara moja, kwa mshangao. Kisha akaniona usoni, na kicheko kikaisha. "Sema unalotaka kusema. Liseme lote, usiliume."

Nikalisema. Lile neno nililisema. Jirani wa ukuta wa pili alilisikia, kwa sababu nilikuwa sijui kusema kwa sauti ndogo.

Mke wangu hakulia. Alikwenda uani akaepua karai la mafuta, akaweka kando vitumbua vyote vilivyokuwa tayari, akafunga nguo zake kwenye kanga. Mlangoni akageuka.

"Ulipokuwa unahesabu majani," akasema, "ulinihesabu mimi?"

Akapanda lori la Msimbati, akarudi kwa mama yake.

Siku nane nilikaa peke yangu na ule mti. Siku nane haukuonekana unga hata chembe. Nikajiambia: umeona? Ameondoka, na unga umekoma. Nikajiona mwerevu. Majani yakaendelea kudondoka, lakini nikasema huo ni uchawi wa zamani unaomalizikia. Mafundi wangu walikuwa wananikwepa. Nilikuwa sili vizuri, ila nilijisifu kwa kila aliyetaka kusikia kwamba nimegundua.

Mama alirudi kutoka Kilambo amechoka, miguu ina vumbi jekundu, bila habari yoyote ya mdogo wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa:

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amekwenda kwao kusalimia," nikasema. Uongo wangu wa kwanza kwa mama tangu utotoni.

Ijumaa iliyofuata, mwanga ndio kwanza unaingia dirishani, nilitoka chumbani kwenda kunawa. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku langu la mninga, kanga begani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unadondosha unga wa mtama, polepole, kwa vidole vitatu, kuzunguka shina la mti. Na alikuwa anasema. Kwa Kimakua, kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na jirani wa ng'ambo ya ukuta. Alikuwa akiwataja babu zangu mmoja mmoja. Alimtaja baba. Akamtaja mdogo wangu, akaomba mto usimle, bunduki zisimwone. Halafu akanitaja mimi. Aliomba nisinyang'anywe banda.

Nilikaa chini hapo hapo sakafuni.

"Mama, unafanya nini?"

"Naomba. Unaona." Hakushtuka hata kidogo. "Kule kwetu tulikuwa na mti wetu wa utomvu kama huu nje ya kijiji. Tumeukimbia. Hapa mjini nitamwagia wapi, kwenye nguzo ya simu? Mungu kaniletea mti wa maziwa mpaka ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipovunja jani. Kila Ijumaa, nikimaliza naushusha kwa maji kidogo. Nikikosa Ijumaa kwa safari, naweka siku ninayotoka. Safari ile lori liliniharakisha, sikuushusha."

Mimi mila ile naijua! Nimebebwa mgongoni kwenda kwenye mti kama huo. Lakini mti wa kutambikia kwangu ulikuwa mti mkubwa, porini, wenye mizizi ya kujificha mtu. Akilini mwangu kile kitu cha sebuleni kilikuwa fanicha. Nilisema mwenyewe mbele ya karani wa bandari.

Nikamweleza mama nililomfanyia mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono bado una unga.

"Inuka sasa hivi twende Msimbati," akasema.

Ningeinuka siku ile, ningekuwa na cha kujisifu leo. Sikuinuka. Nilisema kwanza niuokoe mti, la sivyo hata nikimrudisha mke sina pa kumpeleka kwa riziki. Mama akanitazama namna ambayo sitaki kuieleza.

Nilikwenda Naliendele kumtafuta bwana shamba mmoja aliyewahi kuniagiza meza ya kulia. Alikuja kwa baiskeli siku ya pili, kijana mpole mwenye miwani. Alizunguka mti, akanusa, akabonyeza udongo. Nilimwambia habari ya unga, nikasema huo ndio unaouua mti.

"Unga kidogo haungeua," akasema. "Ungekauka tu. Kuna kitu kingine." Akagonga sanduku. "Nani amechonga hili?"

"Mimi," nikasema, na kifua kikapanda chenyewe. "Halivuji hata tone."

"Hilo ndilo, fundi."

Tukalitoa debe. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na maji meusi ya kina cha kiganja, yenye povu, yananuka pombe mbaya. Unga ulikuwa umeshuka na maji, ukapita kwenye matundu aliyoyatoboa mzee kwa msumari wake, ukaishia chini kwenye gundi yangu na nta yangu, na ukachachia pale. Mizizi ya chini ilikuwa imeoza, ukiivuta inakatika kama uzi mbovu. Mama alikuwa ameulisha mti wangu, na mimi ndiye niliyeuziba mdomo.

"Kwa hiyo mchawi ni sanduku," nikasema.

"Mimi mambo ya wachawi sijui," akajibu bwana shamba. "Ila kama usingelichonga vizuri hivi, mti ungekuwa mzima."

Aliikata mizizi yote mibovu kwa kisu, akaiosha ile iliyobaki, akanichanganyia udongo mpya na mchanga mwingi. Akaniambia nisiutie maji siku saba, na nisiondoke, niutazame kila siku shina lisianze kulainika kutoka chini. Malipo alikataa. Nikasema basi meza yake nitaipiga randa upya, bure.

Siku saba nikaukalia. Majani yaliyobaki yalikuwa kumi na manane, kisha kumi na manne, kisha kumi na moja. Kila asubuhi nilibonyeza shina kwa kidole gumba, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Lilikuwa gumu. Siku ya saba lilikuwa bado gumu. Nikakaa siku tatu zaidi, kwa woga tu, nikijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mti. Nilikuwa naogopa Msimbati.

Mama ndiye aliyenichoka. "Kumi na moja hayo hayaongezeki ukiyatazama," akasema, akavaa ndala zake akatangulia kwenda kulitafuta lori.

Kule Msimbati mjomba wa mke wangu, kaka wa mama yake, alitupokea barazani pake. Kwao kama kwetu, maneno ya ndoa ni ya mjomba. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, anayesuka wavu huku anazungumza, na hakuuacha ule wavu mkononi muda wote.

"Mkwe," akasema, "tumesikia umegundua mchawi."

"Nimekosea, mjomba."

"Umekosea kwa kiasi gani?"

Mama akasogea mbele. Akafungua pindo la kanga yake, ndani yake kulikuwa na unga wa mtama, akaumwaga kidogo kwenye kiganja cha mjomba.

"Unga ulikuwa huu, na mkono ulikuwa wangu," akasema. "Nilikuwa namwombea mwanangu aliye ng'ambo, na huyu mpumbavu aliye huku. Binti yenu hakugusa kitu."

Mjomba akautazama ule unga, akampa heshima mama kwa kuinamisha kichwa. Akaweka wavu chini kwa mara ya kwanza.

"Mama, wewe huna kesi. Kesi ni ya huyu fundi." Akanigeukia. "Neno lile limesikiwa na majirani, na neno likisikiwa na majirani lina faini. Shilingi themanini. Na doti ya kanga kwa mama wa binti, maana aliugua siku mbili."

Nikalipa themanini pale pale. Kanga zilikuwa shilingi kumi na sita na senti hamsini dukani kwa jirani. Nikadhani tumemaliza. Mke wangu akatoka ndani, amejifunga vizuri, hakuniangalia.

"Mimi bado," akasema. "Nauli ya kuja huku, shilingi tatu. Na vitumbua. Nakaanga arobaini kwa siku, senti tano kimoja. Nimekaa hapa siku ishirini na tatu. Piga hesabu, si unajua kuhesabu majani?"

"Siku ishirini na tatu nyingi," nikasema. Bado nilikuwa mtu wa kuomba punguzo.

"Zingekuwa kumi na tatu," akanijibu, na hapo ndipo aliponitazama. "Ulipokwenda dukani mama yako ameniambia ulijua lini. Hizo kumi za mwisho ungeweza kunipa mimi, lakini uliupa mti."

Mjomba akakohoa, akaokota wavu wake. Mimi nikahesabu noti. Shilingi arobaini na sita za vitumbua, na tatu za nauli. Nikazitia mkononi mwake, naye akazihesabu tena mbele ya watu wote, moja moja, akazikunja. Kisha akaingia ndani kuchukua furushi lake.

Mzee wa duka alirudi kwa meli baada ya siku tisa. Alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu kutoka bandarini, miwani mieusi usoni, ameshikwa mkono na mpagazi. Mti ulikuwa dirishani, ndani ya debe lake la samli, majani kumi na moja, matawi mengine yote wazi kama vidole.

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu bado, lakini yaliona. Aliutazama ule mti kwa muda ambao kwangu mimi ulikuwa mrefu kuliko miezi yote minne.

"Umekonda," akauambia mti, si mimi.

Akapeleka mkono pale vishina vilipoanza kusukana, akavifuata kwa kidole kwenda juu. Kisha kwa ukucha wa gumba akakwaruza ganda, kidogo tu. Chini ya ganda palikuwa kijani. Maziwa yakatoka, tone moja, likasimama pale.

Nikaanza kumweleza. Sikuficha kitu: sanduku, unga wa mama, neno nililolisema, mizizi iliyokatwa. Ni mara moja tu maishani mwangu nimesimulia habari yangu mwenyewe bila kuongeza. Mama alikuwa mkekani, amemtazama mzee. Mzee akamtazama mama, akamsalimia, akamwuliza kama mwanawe amepatikana. Mama akasema bado.

"Basi usiache," mzee akamwambia. "Mwagia kidogo. Kidogo tu, juu juu. Marehemu mke wangu naye alikuwa akizungumza nao kila siku. Nilidhani nimempata fundi wa kuutunza, kumbe nimepata na wa kuzungumza nao."

Kisha akanigeukia mimi.

"Banda ni lako, fundi. Nitamwambia mwenye mashine."

Nilisimama wima kama mtu aliyelitegemea jambo lile tangu mwanzo. Mzee akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa pochi.

"Umehangaika nao sana. Umetumia kiasi gani? Sema, nikurudishie."

"Si kitu, mzee," nikasema, nikapunga mkono. "Kwa mtu kama mimi? Mti mdogo hivi? Haujanigharimu hata senti."

Kutoka uani tulisikia kifuniko kikiwekwa juu ya sanduku la mninga, ambalo sasa lilikuwa la mke wangu la kuwekea unga wa mchele, na kwa kazi hiyo halikuwa na mfano mjini. Halafu sauti yake ikaja kupitia pazia, taratibu, ikilitamka kila neno ili mzee asikie vizuri:

"Shilingi mia moja arobaini na tano, na senti hamsini."